Kuoga katika Chemchemi za Maji Moto Ukiwa Safarini: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kuingia Majini

Chemchemi ya maji moto haitambulikani kwa sura. Bwawa tulivu la samawati linalomvutia kila apitaye huenda likawa na maji yanayoweza kumuunguza mtu hadi kufa, na dimbwi la maji ya tope lenye harufu mbaya lililo hatua chache kutoka hapo huenda likawa ndilo ambalo watu wameoga kwa vizazi bila kudhurika. Kwa hiyo msafiri anayetaka kuoga katika maji ya namna hii hana budi kuweka kando kwanza uzuri wa mahali na picha atakazopiga, atafute majibu ya maswali mawili: maji haya yamepata wapi joto lake, na yamepoa kiasi gani hadi kufika hapa ninapotaka kuingia? Karibu kila tahadhari iliyo katika maelezo haya inatokana na maswali hayo.

Joto linatoka wapi

Sehemu kubwa ya maji ya chemchemi za moto ni maji ya mvua. Mvua hunyesha juu ya vilima, hupenya kwenye nyufa za miamba, hushuka chini sana na kupashwa joto huko, kisha hupanda tena kupitia mpasuko wa ardhi. Katika sehemu nyingi za mabara, joto la ardhi huongezeka kwa takriban nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi kwa kila kilomita moja unayoshuka, hivyo si lazima pawepo volkano ndipo maji yawe moto. Mji wa Bath nchini Uingereza hauna volkano hai karibu, lakini maji yake, ambayo hapo kale yalinyesha kama mvua juu ya vilima vya Mendip, hutoka ardhini yakiwa na nyuzi 46 hivi, na kwa siku moja hutoka zaidi ya lita milioni moja.

Hali ni nyingine kabisa mahali ambapo miamba iliyoyeyuka iko karibu na uso wa dunia, kama ilivyo Aisilandi, Nyuzilandi, Japani, eneo la Yellowstone nchini Marekani na sehemu kadhaa za Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Huko maji huweza kutoka yakiwa yanachemka, yakiwa yamebeba gesi, na mara nyingine yakiwa na asidi kali. Eneo la Dallol nchini Ethiopia lina madimbwi ya manjano na kijani ambayo asidi yake ni miongoni mwa kali zaidi zinazotokea zenyewe duniani, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayefikiria kutia hata kidole humo. Kwa upande mwingine, yapo maji ya asidi ambayo watu huoga: chemchemi za Kusatsu nchini Japani zina pH inayokaribia 2, yaani ukali unaofanana na wa maji ya limau, na waogaji hukaa humo kwa muda mfupi tu, wakijihadhari yasiwaingie machoni.

Kujua asili ya maji kunamsaidia msafiri hata katika kupanga safari. Chemchemi zisizohusiana na volkano kwa kawaida hubadilika kidogo kidogo. Zile za maeneo ya volkano zinaweza kubadilika ghafla, kwa hiyo taarifa iliyoandikwa miaka miwili iliyopita haitoshi. Mnamo Julai 2024, eneo la Biscuit Basin huko Yellowstone lililipuka kwa nguvu ya mvuke na kurusha mawe na tope juu ya njia ya mbao ambayo wageni walikuwa wakipita. Blue Lagoon ya Aisilandi, ambayo maji yake yanatokana na kituo cha umeme wa jotoardhi cha Svartsengi na si chemchemi ya asili kama wengi wanavyodhani, imefungwa na kufunguliwa mara nyingi tangu Novemba 2023 kwa sababu ya milipuko ya volkano iliyo jirani. Mahali pa namna hiyo ni lazima usome tangazo la siku ile ile, na ukubali kurudi bila kuoga ikiwa pamefungwa.

Kuchagua mahali pa kwenda

Kwa mtu ambaye hajawahi kuoga maji haya, ninashauri aanze na mahali penye wasimamizi, ambapo maji hupozwa na kupimwa kabla ya kuingizwa kwenye bwawa. Mabwawa ya Széchenyi mjini Budapest, yaliyofunguliwa mwaka 1913, ni mfano mzuri: joto la kila bwawa linajulikana, mwogaji anachagua linalomfaa, na anatoka anapotaka. Huko mtu hujifunza jinsi mwili wake unavyopokea joto, na elimu hiyo itamfaa baadaye atakapofika kwenye chemchemi iliyo porini isiyo na kibao wala mlinzi.

Chemchemi za porini nazo hazilingani. Nyingine ni vidimbwi vilivyozungushiwa mawe kando ya mto, ambamo maji ya moto na ya baridi huchanganyika. Nyingine zipo ndani ya hifadhi zinazokataza kabisa kuoga. Nyingine ziko katika ardhi ya mtu binafsi au mahali ambapo wenyeji wanafanyia ibada. Ulizia mambo haya kabla ya kufunga safari, na unapofika waulize tena wanaoishi hapo, kwa maana ramani inaonyesha penye maji bila kueleza yupi anaruhusiwa kuyaingia. Mara nyingi mtu mmoja anayechunga au kulima karibu na chemchemi anaijua kuliko maandishi yote uliyosoma: anajua upande upi ni moto zaidi, msimu gani maji hupanda, na wapi ardhi iliwahi kutitia.

Msimu ni jambo linalosahaulika sana. Chemchemi nyingi ziko ndani ya makorongo, na korongo ni mahali pa hatari wakati wa mvua hata ikiwa juu yako jua linawaka, kwa kuwa mafuriko hutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali. Katika korongo la Hifadhi ya Hell's Gate nchini Kenya, lenye kuta zinazotiririka maji ya moto, mafuriko ya ghafla yaliua watu mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Ukiambiwa kwamba kumenyesha upande wa juu, usishuke. Pwani nako kuna ratiba yake: katika Hot Water Beach ya Nyuzilandi, wageni huchimba mashimo kwenye mchanga ili kupata maji ya moto, lakini kazi hiyo inawezekana takriban saa mbili kabla ya bahari kupwa kabisa na saa mbili baada ya hapo, na maji yanayochimbuka yanaweza kufikia nyuzi 64, kwa hiyo ni lazima kuyachanganya na ya bahari.

Kupima joto: hatua isiyorukwa

Mwili wa mwanadamu una joto la nyuzi 37. Maji ya nyuzi 36 hadi 40 huwapendeza watu wengi, na nyuzi 40 ndicho kiwango cha juu kinachoshauriwa mara nyingi kwa mabwawa ya maji moto yanayotengenezwa na watu. Waogaji waliozoea, hasa Japani, huingia maji ya nyuzi 42 au zaidi kidogo, lakini kwa muda mfupi. Kutoka hapo kwenda juu nafasi ya makosa inapungua haraka mno: maji ya nyuzi 50 huunguza ngozi ndani ya dakika chache, na maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ndani ya sekunde chache tu. Tofauti kati ya starehe na kulazwa hospitalini, basi, ni nyuzi ishirini, na macho hayawezi kuiona.

Ninasema macho hayawezi kuiona kwa sababu dalili tatu ambazo watu huzitegemea zote hudanganya. Ya kwanza ni mvuke. Asubuhi ya baridi, hata maji ya uvuguvugu hutoa mvuke mzito, ilhali mchana wa jua kali maji yanayokaribia kuchemka yanaweza kuonekana hayatoi mvuke wowote. Ya pili ni mapovu. Bwawa la Champagne Pool huko Waiotapu, Nyuzilandi, hutoa mapovu bila kukoma, lakini yale ni ya gesi ya kaboni dioksidi. Maji yenyewe yana nyuzi 74 hivi juu ya uso wake, hayachemki, na bado yanatosha kuua. Kinyume chake, maji yaliyotulia bila povu hata moja yanaweza kuwa moto kuliko hayo. Tena katika nchi za juu maji huchemka mapema, na huko Yellowstone hufikia kiwango cha kuchemka kwenye nyuzi 93 hivi.

Dalili ya tatu ni rangi. Tandiko la kijani, manjano na rangi ya chungwa linaloonekana pembeni mwa mabwawa ni viumbe vidogo vinavyoishi katika joto. Vile vinavyotumia mwanga wa jua haviwezi kuishi juu ya nyuzi 73 hivi, na ndiyo maana katika bwawa la Grand Prismatic huko Yellowstone pembe zina rangi nyingi ilhali katikati, penye joto zaidi, pana samawati tupu. Kwa hiyo maji mang'avu ya samawati yanayokuita uingie ndiyo ya kuogopwa zaidi, na penye rangi nako si salama, kwa kuwa kati ya nyuzi 73 na nyuzi 40 bado kuna safari ndefu ya kuungua. Nje kidogo ya mada: ni katika chemchemi za Yellowstone ambapo Thomas Brock na mwenzake walipata bakteria aitwaye Thermus aquaticus katika miaka ya 1960, na kimeng'enya kilichotolewa kwake ndicho kilichowezesha kipimo cha PCR, kinachonakili vinasaba ili vitambulike, kuenea maabara zote duniani. Ule utando unaokanyagwa na wageni wasiojali una thamani kuliko unavyoonekana.

Basi beba kipimajoto. Kile cha jikoni chenye kijiti kirefu cha chuma kinatosha, mradi kinasoma hadi nyuzi 100 na umekifunga uzi imara. Hatua ni hizi. Simama mahali pagumu ambapo wengine wamekanyaga, usiiname juu ya maji, na kwanza weka upande wa nyuma wa kiganja juu ya maji bila kugusa. Ukihisi joto kali linapanda usoni au mkononi, mambo yameishia hapo. Usipolihisi, shusha kipimajoto kwa uzi na usubiri hadi namba itulie, kisha fanya hivyo tena karibu na maji yanapoingilia, tena katikati, na tena chini kabisa kadiri uzi unavyofika. Ukishapata namba za kuridhisha ndipo uchovye kidole, halafu mguu mmoja.

Umuhimu wa kupima chini unahitaji maelezo kidogo. Chemchemi nyingi hazimwagi maji yake kutoka pembeni kama bomba. Maji hupenya kutoka sakafuni, kupitia mchanga au tope. Uso wa bwawa unaweza kuwa na nyuzi 38 za kupendeza huku mchanga ulio chini ya nyayo zako ukiwa na nyuzi 55. Ndiyo maana mwogaji mwenye uzoefu haruki wala kupiga mbizi, bali huingia taratibu akiburuta nyayo bila kuzididimiza kwenye mchanga, na akihisi mahali panachoma hurudi kwa njia ile ile aliyoingilia. Ukiwa kando ya mto ambapo maji ya aina mbili yanakutana, kaa upande wa maji ya baridi na usogee kidogo kidogo kuelekea kwenye moto, kwa maana mkondo unaweza kugeuka na kukuletea wimbi la maji yasiyovumilika bila taarifa.

Ardhi inayozunguka maji

Watu wengi walioungua vibaya hawakuwa na nia ya kuoga. Waliteleza, au ardhi ilipasuka chini yao. Maji ya moto huyeyusha madini yakiwa chini na kuyaacha yanapopoa juu, hivyo kingo za bwawa hujengeka kama ukoko mwembamba wa silika (madini yanayofanana na ya mchanga na kioo) au chokaa ambao chini yake pana maji yanayochemka au shimo tupu. Ukoko huo unaonekana mgumu, na pengine ulimbeba mtu jana. Ardhi nyeupe au ya kijivu isiyo na majani, miti iliyokauka ikiwa imesimama, mvuke unaotoka kwenye vitundu, na joto linalopenya soli ya kiatu ni ishara kwamba umeshapita mpaka.

Huko Yellowstone zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuungua katika chemchemi tangu kumbukumbu zianze kuwekwa. Mwaka 1981 mtu mmoja alijitupa katika bwawa lenye zaidi ya nyuzi 90 ili kumwokoa mbwa. Wote wawili walikufa. Mwaka 2016 kijana mmoja aliyekuwa ameiacha njia katika eneo la Norris, akitafuta mahali pa kuoga, aliteleza na kutumbukia. Mambo mawili yanafuata kutokana na visa hivyo. Mnyama asiletwe kabisa karibu na maji ya moto, hata akiwa amefungwa kamba. Na kitu chochote kinachoanguka majini, iwe kofia au simu ya bei, kihesabiwe kuwa kimepotea. Watoto washikwe mkono muda wote, kwa sababu mtoto akiona maji hukimbilia maji.

Penye njia ya mbao, usiondoke juu yake. Ninawasikia wageni wakilalamika kwamba njia hizo zinaharibu mandhari, nami sikubaliani nao hata kidogo.

Gesi isiyoonekana

Harufu ya mayai yaliyooza inayopatikana kwenye chemchemi nyingi ni ya haidrojeni salfaidi. Kwa kiasi kidogo, mahali pa wazi penye upepo, haina madhara makubwa zaidi ya kukera pua na kuifanya mikufu ya fedha iwe myeusi. Hatari yake iko katika tabia mbili. Kwanza, ni nzito kuliko hewa, hivyo hukusanyika mabondeni, mapangoni, kwenye mashimo ya theluji na ndani ya vibanda vya kuogea visivyo na madirisha, hasa alfajiri isiyo na upepo. Pili, inapozidi hudhoofisha uwezo wa pua kuinusa, na mtu hudhani kwamba hewa imesafika. Ikiwa harufu kali imetoweka ghafla bila upepo kuvuma wala wewe kusogea, ondoka mara moja.

Kaboni dioksidi nayo hutoka kwenye baadhi ya chemchemi na hujikusanya chini vile vile, lakini haina harufu yoyote. Kwa hiyo kibanda cha kuogea chenye maji ya moto kifunguliwe milango na madirisha kabla ya kuingia, na mtu asilale sakafuni wala kukaa humo peke yake. Kichwa kikianza kuuma, macho yakiwasha au ukihisi kizunguzungu, toka nje uelekee mahali pa juu penye upepo. Ukimkuta mwenzako amezimia ndani ya pango au shimo, ni vigumu kuvumilia, lakini usimfuate bila vifaa vya kupumulia: ita msaada, kwa kuwa mwokoaji anayeingia bila vifaa huweza kuzimia papo hapo.

Pua, mdomo na vidonda

Katika maji ya uvuguvugu yasiyotiwa klorini anaweza kuishi ameba, kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, aitwaye Naegleria fowleri. Akinywewa hana madhara, lakini maji yenye ameba huyo yakisukumwa kwa nguvu puani, anaweza kufuata neva za kunusia hadi kwenye ubongo na kusababisha ugonjwa ambao karibu wote wanaoupata hufa. Ni ugonjwa wa nadra sana, na sitaki kumtisha mtu hadi aache kuoga. Kinga yake ni rahisi mno kiasi kwamba hakuna sababu ya kuipuuza. Weka kichwa juu ya maji. Usipige mbizi, usiwarushie wengine maji usoni, usivuruge tope la chini, na watoto wachezeshwe mahali pengine. Mabwawa ya kale ya Bath yalifungwa kwa waogaji baada ya msichana mmoja kufa kwa ugonjwa huu mwaka 1978, na maji yanayotumika katika jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2006 hupatikana kupitia visima vilivyochimbwa na husafishwa kabla ya kutumika.

Usinywe maji ya chemchemi isipokuwa mahali yanapotolewa rasmi kwa kunywa, kwa sababu baadhi yake yana sumu ya aseniki au madini ya floridi kwa wingi. Mwenye kidonda kibichi asiingie. Mwenye mapafu dhaifu au kinga ndogo ya mwili asikae karibu na maji ya uvuguvugu yanayorushwa hewani kama manyunyu, kwa kuwa bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, huambukiza kwa njia hiyo. Na mkondo unaotiririka kutoka kwenye chemchemi, ukishapoa na kuota majani ya majini, ni mto kama mto mwingine wowote: katika nchi zenye kichocho, konokono wanaokibeba wanaweza kuwa humo.

Muda wa kukaa majini

Mwili uliozama katika maji ya moto hupanua mishipa ya damu ili kutoa joto, na shinikizo la damu hushuka. Mtu hatambui hadi anaposimama ghafla, ndipo anaona giza na kuanguka juu ya mawe. Kaa dakika 10 hadi 15 kwa mara ya kwanza, toka taratibu, keti ukingoni kwanza, kunywa maji ya kawaida, upumzike hadi moyo urudi katika mapigo yake ndipo uingie tena ukipenda. Katika maji ya nyuzi 42 punguza hata muda huo. Jasho linatoka mwilini ukiwa majini ingawa hulioni, hivyo kunywa maji kabla na baada hata kama huna kiu.

Pombe isitangulie wala isiandamane na kuoga. Inapanua mishipa hiyo hiyo, inaleta usingizi, na mtu aliyelala majini huzama kimya kimya. Wenye ugonjwa wa moyo, wanaotumia dawa za presha na wenye kisukari ambao miguu yao imepoteza hisia wamuulize daktari kabla ya safari. Wajawazito, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, wajiepushe na maji ya moto sana, maana joto la mwili wa mama likipanda kupita kiasi linaweza kudhuru ukuaji wa mtoto. Watoto wadogo hupata joto haraka kuliko watu wazima, na maji ambayo baba anayaona ya kawaida yanaweza kuwa ya moto mno kwao. Na yeyote awaye, asioge peke yake.

Kuhusu tiba, tuseme ukweli. Maji ya moto hulegeza misuli na hupunguza maumivu ya viungo kwa muda, na hilo pekee ni jema la kutosha kumtoa mtu nyumbani. Vibao vinavyodai kwamba maji fulani yanaponya figo, utasa na kansa visimfanye mtu yeyote aache dawa zake.

Adabu za majini

Kila mahali pana kanuni zake, na nyingi zina sababu. Katika mabwawa ya Aisilandi mwogaji anatakiwa kuoga kwa sabuni akiwa uchi kabla ya kuvaa vazi la kuogelea, kwa kuwa maji yale hutiwa klorini kidogo tu na usafi wake unategemea usafi wa wanaoingia. Japani vile vile mtu hujisafisha kwanza akiwa ameketi pembeni, hafui wala kujisugua bwawani, na taulo dogo halitiwi majini. Sehemu nyingi watu huingia uchi, wanaume na wanawake wakitengwa, na nyingine bado zinawakataa wenye chale. Huko Pamukkale, Uturuki, wageni hutembea peku juu ya ngazi nyeupe za chokaa ili wasizichafue. Asiyeziweza kanuni za mahali fulani atafute pengine, asibishane mlangoni.

Katika chemchemi za porini, sabuni, shampuu na mafuta ya kujikinga na jua visiingie majini kabisa, hata vile vinavyosemekana kuoza vyenyewe. Usitupe sarafu wala mawe. Bwawa la Morning Glory huko Yellowstone lilipoteza samawati yake baada ya miaka mingi ya wageni kutupa sarafu na takataka zilizoziba njia ya maji, joto likapungua, na rangi ya manjano ikaingia. Katika chemchemi za Sempaya nchini Uganda, ambazo maji yake yanachemka kiasi cha wageni kuivishia mayai, unachobeba kwenda nacho ndicho unachopaswa kurudi nacho, maganda yakiwemo. Usipanue bwawa kwa kuhamisha mawe, na ukikuta watu wengi, kaa muda wako kisha uwapishe.

Cha kubeba

Mzigo ni mdogo: kipimajoto, vazi la kuogelea kuukuu lisilo na vito vya chuma, kandambili zisizoteleza, taulo mbili, maji ya kunywa ya kutosha, nguo kavu za kuzuia baridi, tochi na mfuko wa taka. Vua mikufu na pete, toa lenzi za macho, na funga nywele juu, kwa sababu maji yenye silika huzikausha zikawa ngumu kwa siku kadhaa. Ukizipaka mafuta ya nywele ili kuzikinga, basi zisiguse maji.

Mambo yakiharibika

Mtu akiungua, mwondoeni kwenye joto bila ninyi wenyewe kuingia majini. Mvueni nguo zilizolowa, pete na saa kabla sehemu hiyo haijavimba, lakini msivute nguo iliyogandamana na ngozi. Mwagieni sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, huku mwili wake mwingine ukifunikwa asipatwe na baridi. Kama maji yaliyomuunguza yalikuwa na asidi, endeleeni kusuuza kwa muda mrefu zaidi. Msipake mafuta, dawa ya meno, asali wala unga. Funikeni kwa plastiki safi ya kufungia chakula au kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kisha mwende hospitali, hata kama jeraha halionekani kubwa, iwapo limegusa uso, mikono, nyayo au sehemu za siri.

Hata asiyeungua asuuze mwili kwa maji ya kawaida anapomaliza, isipokuwa ngozi yake imezoea madini hayo. Na ikitokea kwamba katika wiki mbili baada ya kuoga mtu anapata homa kali, maumivu ya kichwa, kutapika na shingo kukakamaa, aende hospitali siku ile ile na amwambie daktari waziwazi kwamba aliogelea katika maji ya moto ya asili, wapi na lini, na kama maji yalimwingia puani. Daktari asipoambiwa hilo, hana sababu ya kulifikiria.